Niambie kwanza mama anapata nini

Kila familia ya Waswahili hapa Uingereza ina mtu wake wa barua. Kwetu ni mimi. Bahasha ya kahawia ikianguka mlangoni kwa shangazi, picha yake inafika kwenye simu yangu kabla chai haijamiminwa, na chini yake maneno: "Mwanangu, hawa wanataka nini tena?" Sikusomea sheria. Nimejifunza kwa kuzisoma hizo barua, kukaa foleni na wazee kwenye ofisi za ushauri, na kushindana na vikokotoo vya mtandaoni usiku watoto wakishalala. Na swali ninaloulizwa kuliko yote, hasa na wanawake wa rika langu, ni hili: "Mimi ndiye ninayemwangalia mama. Kwa nini nisidai ile pesa ya waangalizi, Carer's Allowance?"

Jibu langu huwaudhi. Huwaambia: niambie kwanza mama anapata nini. Wao wamekuja kwa ajili ya haki yao, mimi naanza kupekua pensheni ya mtu mwingine. Lakini ndivyo mambo yalivyopangwa nchi hii. Pesa ya anayeangalia na pesa ya anayeangaliwa zimefungwa pamoja, hata kama wenyewe wanaishi nyumba mbili tofauti, na ukigusa hii, ile nayo inasogea.

Tuanze na posho yenyewe. Carer's Allowance hulipwa mtu anayemwangalia mgonjwa, mzee au mlemavu kwa saa 35 au zaidi kila wiki. Katika mwaka wa fedha 2025/26, ambao viwango vyangu vyote hapa ni vya mwaka huo, ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki. Gawanya mwenyewe: haifiki pauni mbili na nusu kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara wa mtu mzima mwaka huo kilikuwa pauni 12.21. Anayeangaliwa lazima awe tayari anapata malipo fulani ya ulemavu. Kwa mzee ni Attendance Allowance; kwa mtu ambaye hajafika umri wa pensheni ni PIP (Personal Independence Payment), kile kipande cha maisha ya kila siku; kwa mtoto ni DLA (Disability Living Allowance), kiwango cha kati au cha juu cha matunzo. Wewe mwenyewe usiwe masomoni kwa saa 21 au zaidi kwa wiki, na mshahara wako baada ya kodi na makato usizidi pauni 196 kwa wiki, mpaka wa mwaka huo. Mshahara wa mume hauangaliwi. Akiba ya benki haiangaliwi.

Ilianza mwaka 1976 kwa jina jingine, na kwa miaka kumi ya mwanzo mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kuidai. Hoja ilikuwa kwamba huyo yuko nyumbani tu hata hivyo. Mwanamke mmoja, Jacqueline Drake, aliyeacha kazi amwangalie mama yake, alipambana mpaka kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na mwaka 1986 akashinda. Nikimsikia kaka yangu akisema "kwani kumwangalia mama nayo ni kazi?", mimi humkumbuka huyo bibi.

Sasa mama. Nitatumia wa kwangu, maana hesabu zake nazijua kwa kichwa. Yeye alikuja nchi hii akiwa mtu mzima, akafanya usafi wa maofisi miaka michache, kwa hiyo pensheni yake ya serikali ni ndogo. Pension Credit, nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo, inamjazia mpaka afike pauni 227.10 kwa wiki. Kwa kuwa miguu haimtii na kuoga hawezi peke yake, anapata Attendance Allowance, ambayo haihesabiwi kama kipato, inakaa juu ya yote. Na kwa kuwa anapata hiyo Attendance Allowance, anaishi peke yake, na hakuna mtu anayelipwa na serikali kwa kumwangalia yeye, ndani ya Pension Credit anaongezewa pauni nyingine 82.90 kwa wiki. Hiyo ni nyongeza ya ulemavu mkubwa. Wazee wengi wanayo wala hawajui jina lake. Wanachojua ni kwamba pesa inatosha.

Soma tena lile sharti la tatu. Hakuna mtu anayelipwa kwa kumwangalia yeye. Siku binti anapoanza kulipwa Carer's Allowance kwa ajili ya mama, mama anapoteza zile pauni 82.90.

Kwa mtu kama mimi, ambaye mume anafanya kazi na hatuko kwenye Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo ambao hawajafika umri wa pensheni, hesabu inachekesha. Ningeidai ningepata 83.30, mama angepoteza 82.90. Faida ya ukoo mzima ni senti 40 kwa wiki. Tena Carer's Allowance inahesabiwa kwenye kodi, na ile ya mama haikatwi kodi. Haya, kuna pauni kumi za bonasi ya Krismasi anazopewa kila mwenye posho hii, Mwislamu kwa Mkristo, pauni kumi zile zile tangu mwaka 1972. Sikuidai.

Kwa binti aliye kwenye Universal Credit haichekeshi kabisa. Universal Credit huihesabu Carer's Allowance kama kipato, na huikata pauni kwa pauni. Kwa mwezi posho ni pauni 360.97, basi pauni 360.97 zinapunguzwa upande wa pili. Badala yake, ndani ya Universal Credit anaongezewa kipande cha mwangalizi, pauni 201.68 kwa mwezi. Kwa hiyo faida yake halisi ni hizo 201.68, sawa na pauni 46 na nusu hivi kwa wiki. Mama naye amepoteza 82.90 kwa wiki. Toa: familia imepungukiwa na pauni 36 na ushei kila wiki, karibu pauni 1,900 kwa mwaka, kwa sababu binti amedai haki yake. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyekosea fomu. Kila ofisi imetenda kama sheria ilivyoandikwa.

Na usidhani utaukwepa mtego kwa kuiacha Carer's Allowance na kuomba kile kipande cha Universal Credit peke yake. Nacho kinahesabiwa kuwa malipo ya kumwangalia mama, na nyongeza yake inaondoka vilevile. Hili hata washauri wengine hulisahau.

Fomu ya Carer's Allowance haifichi. Ina sehemu inayosema wazi kwamba malipo ya unayemwangalia yanaweza kubadilika, na yeye mwenyewe anatakiwa kukubali. Tatizo ni kwamba kwetu sehemu hiyo hujazwa na binti, mama anaonyeshwa mahali pa kuweka sahihi, na mama anaweka, kwa sababu mama anamwamini mwanawe. Miezi miwili baadaye pesa yake inapungua na anadhani ofisi imemwonea.

Wapo wanaosema, basi ni kitu kimoja, pesa ya mama ni yetu sote. Mimi sikubali haraka hivyo. Pauni 82.90 mkononi mwa mama ni teksi ya kliniki asiyomwomba mtu, ni samaki anaowachagua mwenyewe, ni mchango wa msiba alioutoa kwa jina lake. Zikihamia kwangu anaanza kuniomba. Mzee aliyezoea kutoa hapendi kuomba, hata kwa mtoto aliyemzaa. Lakini najua pia binti mmoja aliyeacha kazi ya ofisi, amekaa na mama yake miaka, hana senti iliyoandikwa jina lake, na ndugu zake wakija Idi wanamletea mama zawadi na yeye wanamwachia vyombo. Huyo kumwambia "usidai, mama atapungukiwa" ni kumwongezea mzigo. Hesabu inakuonyesha nani anapoteza nini. Haikuambii nani anastahili.

Kuna njia ya katikati kwa wale wasio kwenye Universal Credit, na haisemwi vya kutosha. Inaitwa Carer's Credit. Si pesa. Ni wiki zinazoandikwa kwenye rekodi yako ya michango ya pensheni kwa kumwangalia mtu saa 20 au zaidi kwa wiki, na mama hapotezi kitu. Pensheni kamili ya serikali inataka miaka 35 ya michango, na wanawake wetu wengi walioishi kwa vibarua vya saa chache wana mashimo kwenye hiyo miaka. Mimi nafanya kazi saa chache jikoni kwenye shule, mshahara haufiki kiwango cha kuhesabiwa. Hiyo ndiyo niliyoomba.

Mtego wa nyongeza ya ulemavu siku hizi umebaki kwa wazee hasa, kwa sababu Universal Credit yenyewe haina nyongeza hiyo. Na si kila mzee anayo. Kama binti mtu mzima anaishi nyumba moja na mama yake, kwa kawaida mama hahesabiwi kuwa anaishi peke yake, nyongeza hana, basi hakuna cha kupotea. Hapo nenda kadai, unangoja nini? Kama mama ana pensheni nzuri na hayupo kwenye Pension Credit wala msaada wa kodi ya nyumba au kodi ya kaunsili, dai pia. Ndiyo maana nauliza kwanza mama anapata nini, na nataka barua yenyewe, si maelezo.

London hesabu inaweza kugeuka kabisa. Kuna kikomo cha jumla ya benefiti ambazo nyumba isiyo na kipato cha kutosha cha kazi inaweza kupata: pauni 25,323 kwa mwaka kwa familia ya London, 22,020 nje ya London. Kwa kodi za nyumba za huko, familia yenye watoto wanne inakigonga kikomo kabla ya kununua mkate. Mwaka 2015 jaji wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwawekea kikomo hicho watu wanaowaangalia ndugu wasioishi nao nyumba moja ni ubaguzi usio halali, na tangu Novemba 2016 nyumba yenye mtu anayepata Carer's Allowance au kipande cha mwangalizi haiguswi na kikomo. Kwa familia ya namna hiyo, bibi akipoteza 82.90 na wajukuu wakaondolewa kikomo, huenda familia ikatoka na mamia ya pauni kwa mwezi. Tena ukitambuliwa kwenye Universal Credit kuwa unaangalia mtu saa 35, jobsenta, ofisi ya kutafutia watu kazi, haikulazimishi kutafuta kazi. Kwa dada ambaye kila wiki anaulizwa amepeleka maombi mangapi huku akimgeuza baba kitandani, hilo lina thamani yake.

Wazee wanaoangaliana wao kwa wao wana mlango mwingine, na huu naupigia debe kila msikitini na kanisani nikipewa nafasi. Mzee akiwa anapata pensheni ya serikali inayozidi Carer's Allowance, halipwi posho hiyo juu yake. Haya malipo mawili hayakai pamoja. Wengi wakiambiwa hivyo wanatupa fomu. Usitupe! Idai hivyo hivyo. Utapata barua inayosema unastahili lakini hulipwi, na barua hiyo ya kukataliwa ina pesa ndani yake: ukiipeleka Pension Credit unaongezewa pauni 46.40 kwa wiki. Mume na mke ambao kila mmoja ana Attendance Allowance na kila mmoja anamwangalia mwenzake kweli kweli wanaweza kuongezewa wote wawili. Na kwa kuwa hakuna posho iliyolipwa, hiyo barua peke yake haimwondolei anayeangaliwa nyongeza yake ya ulemavu kama anayo. Kuna mjane niliyemsaidia, anamwangalia dada yake anayeishi mtaa wa pili. Alikuwa ameambiwa na mtoto wake "bibi, wamekukatalia," na barua ikawekwa kwenye droo.

Mtoto mwenye ulemavu ni habari nyingine, na hapa karibu kila kitu kinaongezeka badala ya kupungua. DLA ya mtoto haihesabiwi kama kipato. Inafungua nyongeza ya mtoto mlemavu ndani ya Universal Credit, inaiondoa nyumba kwenye kile kikomo, na inamfungulia mzazi mmoja kipande cha mwangalizi. Kinachotukwamisha ni sisi wenyewe: mtoto ana miaka mitano hajasema neno, na mabibi wanasema baba yake naye alichelewa kusema. Fomu inakaa mwaka.

Kwenye nyumba hiyo hiyo kuna jambo ninalowanong'oneza akina mama peke yao. Kama mko kwenye Universal Credit, kudai Carer's Allowance hakuongezi jumla ya nyumba; kinachoongeza ni kile kipande, na kile unakipata bila posho. Lakini Universal Credit ya mume na mke huingia akaunti moja, na mara nyingi akaunti hiyo ni ya baba. Carer's Allowance inaingia akaunti ya anayeangalia. Pauni 83.30 zile zile zinatoka mfukoni mmoja kwenda mwingine, kwa jina la mama, kila wiki. Kuna nyumba ambazo hilo ni upuuzi. Kuna nyumba ambazo hilo ndilo la maana kuliko yote niliyoandika hapa.

Ila Carer's Allowance ina hatari yake, na hatari hiyo ni ule mpaka wa pauni 196. Si mteremko, ni ukingo. Ukipata pauni 196 unachukua posho yote. Ukipata 197 huna hata senti ya wiki hiyo. Na watu wetu wengi wanafanya kazi za kuwahudumia wazee kwenye nyumba za watu na vituo, kazi ambazo meneja anakupigia saa kumi na moja alfajiri kukuongezea zamu. Wizara ya Kazi na Pensheni ilikuwa inapata taarifa za mishahara kutoka mamlaka ya kodi, lakini kwa miaka mingi haikuzifuatilia zote, na deni likaachwa likakua mpaka maelfu. Mwaka 2024 magazeti yalipolishikia bango, zaidi ya watu 134,000 walikuwa wakirudisha pesa, jumla zaidi ya pauni milioni 250. Serikali ikamteua Liz Sayce kuchunguza, na ripoti yake ya Novemba 2025 ilionyesha kwamba maelekezo ya wizara yenyewe kuhusu kukokotoa mishahara inayopanda na kushuka yalikuwa na kasoro kwa miaka, na kwamba madeni ya wengi inabidi yaangaliwe upya. Mwenye deni la namna hiyo asikae kimya.

Kile kipande cha Universal Credit hakina ukingo huo. Mshahara ukizidi 196, Universal Credit inapungua kidogo kidogo kama kawaida yake, lakini kipande cha mwangalizi kinabaki. Kwa hiyo mtu aliye kwenye Universal Credit na zamu zisizotabirika, akidai na Carer's Allowance, amejiletea hatari ya deni bila kuongeza pauni moja kwenye jumla ya nyumba. Mimi huwaambia waiache, isipokuwa kwa ile sababu ya akaunti. Na walioko Scotland wasinisikilize hapo: kule posho imebadilishwa ikawa Carer Support Payment, na mwaka 2025 wanaolipwa waliongezewa kitita mara mbili, Juni na Desemba, pauni 293.50 kila mara, ambacho Universal Credit haikukikata. Bila posho hakukuwa na kitita.

Ndugu kwa ndugu pia wanagombana. Mtu mmoja anayeangaliwa, mlipwaji ni mmoja tu. Dada anakaa na mama Jumatatu hadi Alhamisi, kaka Ijumaa hadi Jumapili, wote wanafikisha saa 35, na bado anayelipwa ni mmoja. Ofisi haitawagawia. Chagueni nyinyi, na mchague kwa hesabu: yule ambaye Universal Credit yake haimezi yote.

Halafu kuna mke wa mtoto, aliyeletwa juzi kwa viza ya ndoa, ambaye kwa kweli ndiye anayemwogesha mama mkwe, ndiye anayempikia uji, ndiye anayeamka usiku. Kwenye viza yake imeandikwa haruhusiwi kupokea pesa za umma, na Carer's Allowance ni mojawapo. Akidai anaiweka viza yake hatarini. Mume anajiona mjanja, anadai yeye, wakati anatoka asubuhi anarudi usiku. Saa 35 zinataka kufanywa na anayelipwa, si na mkewe. Nimekataa kujaza fomu za namna hiyo, na nimeshaitwa majina. Hata anayeruhusiwa, kwa kawaida lazima awe ameishi hapa wiki 104 kati ya wiki 156 zilizopita. Mkimbizi aliyekubaliwa hafungwi na sharti hilo.

La mwisho ni hospitali, kwa sababu hapo ndipo mnyororo wote huvutika kwa pamoja. Mama akilazwa, Attendance Allowance yake inasimama baada ya siku 28. Ikisimama hiyo, nyongeza ya ulemavu inasimama, Carer's Allowance ya binti inasimama, na kipande cha Universal Credit nacho, ingawa binti yuko wodini kila siku na chakula cha kwenye chupa. Siku za kulazwa ambazo hazikupishana zaidi ya siku 28 hujumlishwa pamoja, kwa hiyo mama aliyetoka wiki moja akarudi hajaanza upya. Wote wawili wapige simu, kila mmoja kwa malipo yake, maana ofisi ya Pension Credit, ya Carer's Allowance na ya Universal Credit kila moja ina namba yake na foleni yake, na kuiambia moja si kuziambia zote.